Runinga ya Macho ya Sahle

Zenebech alizaliwa Shiro Meda, pale barabara ya Addis Ababa inapoanza kuupanda mlima Entoto, na hadi mwaka ule wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini hakuwa amenunua kitu chochote asichoweza kukibeba mgongoni mwenyewe. Mama yake alikuwa msokota pamba. Yeye akafungua chumba cha kahawa nyuma ya nyumba ile ile aliyozaliwa, kuta za udongo, paa la bati, mabenchi yaliyopigwa msasa na suruali za wateja. Wateja wenyewe ni wafumaji, wengi wao Wadorze waliokuja kutoka milima ya kusini na baba zao. Wakitoka kwenye vitanda vya kufumia, miguu imekufa ganzi, huingia kwa Zenebech na kukaa mpaka mkupuo wa tatu wa kahawa, ule wa baraka. Ukimuuliza habari zake, kabla hajakwambia lolote atasema, "Mungu ashukuriwe," hata kama mvua inavuja juu ya kichwa chake.

Mume wake, Sahle, alikuwa mmoja wa wafumaji hao. Zamani hapakuwa na mkono Shiro Meda wa kushindana naye kwa nakshi za ukingoni, zile rangi nyembamba zinazoipa shali nyeupe thamani yake. Arusi nyingi za mtaa ule zilivikwa na vidole vyake. Lakini nakshi zinataka macho, na Sahle aliyatumia ya kwake chini ya taa hafifu tangu akiwa kijana. Daktari alimwambia kwa upole kwamba kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kitunzwe. Siku hizi alifuma nguo nyeupe tupu, akiufuata uzi kwa vidole, na hakunung'unika.

Ila kulikuwa na mpira. Runinga ya zamani ya Zenebech, lile sanduku zito lenye kioo kilichotuna, ilikuwa na picha ya kuwatosha watu wenye macho yao. Sahle alikaa pembeni, akasikiliza. Wengine wakiruka, naye anaruka. Wengine wakishika vichwa, naye anashika. Zenebech alikuwa akimimina kahawa jioni moja alipomwona akishangilia bao ambalo kumbe lilikataliwa. Hakumwambia mtu. Lakini tangu jioni ile alitaka jambo moja tu: kabla Kombe la Dunia halijaanza, Sahle auone mpira kwa macho yake mwenyewe.

Pesa zilipatikana kwa ekubu, ule mchezo wa kuchangiana ambao kila Jumapili jina moja huchomolewa na mwenye jina huondoka na fungu lote. Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano jina lililochomolewa lilikuwa la Anjulo, mfumaji mwenye mdomo mkubwa kuliko wote mtaani.

"Haya, nimeoa mke wa pili!" Anjulo akapiga kelele, akipunga karatasi.

"Wa kwanza mwenyewe anakula kwangu kwa mkopo," Zenebech akamjibu.

Watu wakacheka. Kisha Anjulo akamtazama vizuri, akaona jinsi alivyokuwa akijitahidi kucheka. Akamwegemea na kusema chini kwa chini, "Etiye, nimesikia unatafuta runinga. Chukua zamu yangu, mimi nitachukua yako. Mke wa pili atangoja."

Etiye ndivyo anavyoitwa mwanamke mkubwa anayeheshimiwa. Anjulo kwa kawaida humwita hivyo anapotaka kahawa ya bure. Safari hii hakutaka chochote. Zenebech alimpa mkono, akaubusu mkono wake mwenyewe kwa shukrani, akageuka haraka kwenye jiko.

Alikwenda Merkato, soko kuu la jiji, na binti yake, Hirut, muuguzi kwenye zahanati ya jirani. Walimkuta Kedir, muuza runinga, katika duka lake lililobanwa kati ya wafua mabati na muuza kanda za muziki. Ukiongea mle ndani, unaongea kwa kupaza sauti.

Kedir akawaonyesha mbili, zote ndani ya uwezo wao. "Hii LCD. Nyembamba, nyepesi, umeme inakula kama ndege. Hii nyingine plasma. Inakula umeme kama fahali, sikufichi. Lakini tazama ukubwa! Bei ni ile ile."

"LCD, mama," Hirut akasema papo hapo. "Chumba chako kina mwanga mlangoni, plasma itakuwa kioo cha kujichania nywele."

"Plasma ndiyo iliyokusomesha."

Hilo lilikuwa kweli. Sekondari, masomo ya Hirut yalikuja kwa setilaiti kwenye plasma iliyofungwa ukutani darasani.

"Ilinisomesha?" Hirut akacheka. "Inauliza swali, inatupa muda wa kupiga chafya, inajijibu yenyewe, halafu inajipongeza. Mwalimu gani huyo!"

"Na leo unachoma watu sindano. Mimi naishukuru."

Kedir, mfanyabiashara, aliwaacha wapigane. Kulikuwa na mchezo wa mpira ukionyeshwa kwenye zote mbili. Zenebech akarudi nyuma hatua kadhaa, akaivuta shali yake nyeupe kutoka mabegani, akaikunja, akajifunika uso nayo, akasimama hivyo.

Kedir akaogopa. "Mama, usilie. Tutazungumza bei."

"Silii. Natazama."

Hirut ndiye aliyeelewa, na mzaha ukamtoka usoni. Kupitia nyuzi zile dunia ilikuwa ukungu, kama ilivyokuwa kwa baba yake. Zenebech aligeuza kichwa taratibu, kushoto, kulia. Kwenye LCD wachezaji walionekana, lakini mpira ukipigwa kwa nguvu uliburuza mkia kisha ukapotea. Kwenye plasma ulikuwa doa jeupe, dogo, lakini doa lililobaki doa mpaka lilipofika.

Akaishusha shali. "Hii kubwa."

"Mali ikijaribiwa hapa ikakubali, hairudi," Kedir akamkumbusha, kwa kuwa ndiyo desturi ya soko zima. "Umeiona picha, umeisikia sauti?"

"Nimeona, nimesikia," Zenebech akasema, huku nyundo za mabati zikilia mlango wa pili.

Plasma hailazwi, husafirishwa imesimama. Teksi zote mbili walizozisimamisha ziliikataa. Mwishowe ilipanda Shiro Meda ndani ya lori la nyuzi za pamba, imesimama wima katikati ya mafurushi meupe kama bibi arusi, na wafumaji wakatoka vibandani kuipokea.

Wakaifunga ukutani. Mtaa ulikuwa kimya, mvua imetoka kukatika. Hirut akabonyeza. Picha ikawaka, kubwa na kali na nzuri, na pamoja nayo ukatoka mvumo.

"Punguza sauti," mtu akasema.

Hirut akapunguza mpaka mwisho. Mtangazaji akanyamaza. Mvumo ukabaki, mmm, kama nyuki ndani ya mzinga.

"Etiye," Anjulo akasema, "umetununulia runinga au asali?"

Chumba kikaangua kicheko, na Zenebech akacheka nao, lakini hakuacha kusikiliza. Kila picha ilipokuwa nyeupe mvumo ulizidi, na ikiwa nyeusi ulipungua. Alimtazama Sahle. Sahle alikuwa ameinamisha kichwa, ameelekeza sikio. Mtu ambaye miaka yote hii alikuwa akitazama mpira kwa masikio, sasa masikio yenyewe yamejazwa nyuki.

Kesho yake asubuhi Zenebech alikuwa dukani kwa Kedir.

"Haikulia hapa," Kedir akasema.

"Hapa hata simba akinguruma hutamsikia."

Kedir akamtazama, kisha akafanya jambo ambalo si kila mtu wa Merkato angelifanya. Alizima feni. Akamwomba muuza kanda azime muziki, akatoka nje kuwasihi wafua mabati wapumzishe nyundo kidogo. Akawasha plasma nyingine ya aina ile ile, akaweka sikio. Mmm.

"Wallahi," akasema polepole. "Nimeuza hizi mwaka mzima."

Akampigia simu ndugu yake wa Dubai anayemletea mali. Wakabishana kwa muda. Alipokata, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata somo. "Dubai hazilii, iko usawa wa bahari. Anasema ndani ya kioo mna gesi. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, haikibani kioo vya kutosha, basi kinatetema. Haijaharibika na haitaharibika. Ila italia maisha yake yote, na huko kwenu mlimani italia zaidi." Akavuta pumzi. "Desturi ni desturi, mama, lakini hili sikukwambia kwa sababu sikulijua. Ukitaka, niletee, uchukue LCD. Sitakudai senti. Nifanyie hisani moja tu, usinitangaze mpaka niwaambie wateja wangu mwenyewe."

Zenebech alimwombea baraka hadi Kedir akaona haya. Alikuja tayari kwa ugomvi, na sasa hakujua aupeleke wapi.

Aliporudi alimkuta Sahle peke yake chumbani, plasma inawaka, yeye amesimama karibu nayo na viganja vyake vimeielekea.

"Ina joto," Sahle akasema. "Msimu huu wa baridi wateja watakuja hata bila mpira."

Zenebech akamweleza yote ya Kedir. Sahle akasikiliza, kisha akasema, "Ibadilishe, Zenu. Wateja watachoka na mvumo huu, watahamia baa ya juu, ile iliyo mlimani kutoka kwetu. Nyumba hii inakula kwa watu hao."

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea. Nitasikiliza kama kawaida."

"Sikuinunua kwa ajili ya wateja," Zenebech akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Nilijifunika shali dukani nikatazama kwa macho yako. Ile ndogo, mpira unapotea. Hii haupotei. Sasa wewe niambie, unauona au huuoni? Usinionee huruma."

Sahle akavishusha viganja vyake. Hakuwa amejua kwamba mkewe alijua jinsi anavyojifanya kuona. "Jana sikuutazama vizuri," akasema mwishowe. "Nilikuwa nasikiliza wanavyokucheka, ikaniuma. Niache nitazame mchezo mmoja mzima. Halafu nitakwambia kweli."

Mchezo wenyewe uliokuwa karibu ulikuwa ule wa ufunguzi, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Zenebech alitundika nguo nzito ya pamba mlangoni kuzuia mwanga. Ilikuwa siku za mfungo wa kanisa, usioruhusu nyama wala maziwa, kwa hiyo maziwa hayakuwapo. Alikaanga shayiri na bisi, akatandaza majani mabichi sakafuni kama ilivyo desturi ya kahawa, akaanza kuchoma kahawa. Chumba kilijaa hadi watu wakakaa juu ya mafurushi ya nyuzi. Kila mmoja alikuja na mzaha wake wa nyuki.

Kisha picha ikaenda Johannesburg, na uwanja mzima ukavuma.

Watu wakatazamana. Zilikuwa vuvuzela, maelfu kwa maelfu, zikipulizwa pamoja bila kupumzika, na mvumo wake ulikuwa huu huu.

"Hapana!" Anjulo akasimama. "Jamani, hapana! Etiye amenunua runinga iliyokuwa ikifanya mazoezi!"

Vicheko vikatikisa bati. Mtu akatoka kwenda kuchungulia baa ya juu, akarudi anapiga makofi: hata kule kwenye LCD yao mpya ni nyuki watupu. Tangu hapo hakuna aliyeuzungumzia mvumo wa plasma, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuutenga na mwingine.

Zenebech hakucheka sana. Alikuwa akimtazama Sahle, naye Sahle alikuwa amekaa mbele, mikono katikati ya magoti, ameganda. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo. Alipomletea kikombe alikipokea bila kugeuka, na Zenebech hakujua afurahi au aogope.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijakolea Afrika Kusini walipoupata mpira nyuma na kuanza kukimbia. Anjulo, kwa msisimko, akainuka mbele ya watu.

"Anjulo!" Ilikuwa sauti ya Sahle, kali, sauti ambayo haikusikika chumbani mle kwa miaka. "Toa kichwa chako! Unanizibia!"

Anjulo akajitupa sakafuni kwenye majani. Pasi ikapenya upande wa kushoto, shuti likapigwa, na Sahle akainuka akinyoosha kidole kwenye kona ya juu ya goli, doa jeupe likiwa bado njiani kuifikia.

Chumba kikalipuka. Watu walikumbatiana, bisi zikaruka, kikombe kikavunjika. Anjulo alikuwa bado sakafuni, hakuona kitu.

"Gashe Sahle," akalalamika kutoka chini, kwa lile jina la heshima analopewa kaka mkubwa, "lilikuwaje? Niambie basi!"

Na Sahle akamwambia. Alimwonyesha kwa mikono jinsi pasi ilivyopita, mguu uliopiga, kona lilikoingia, akarudia tena kwa aliyemuuliza nyuma, na tena kwa Hirut aliyeingia akitokea zamu na kofia yake ya uuguzi bado kichwani.

Zenebech alikwenda jikoni. Akamimina maji kwenye birika la udongo kwa ajili ya mkupuo wa tatu, akalirudisha motoni, akasimama karibu na makaa akifuta uso kwa ncha ya shali. Aliwataja wote kwa Mungu, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini: Anjulo aliyempa zamu, Kedir aliyezima soko, mwenye lori la pamba, hata wale waliotengeneza kioo kile mahali wasikoijua Shiro Meda. Kisha akasikia Sahle akimwita kutoka chumbani.

"Zenu! Kahawa baadaye! Njoo ukae, kona inapigwa!"