Sanduku la vita la Babu limekuwa gitaa

Wana Rulenge, leo Babu kanibembeleza mimi!

Si mnalijua lile sanduku lake la kijani, analosema aliwanyang'anya askari wa nduli likiwa limejaa risasi? Asubuhi kanipa mwenyewe nitengenezee gitaa. Mbao ya mbele inatakiwa iwe nyepesi na kavu, na hiyo imekauka tangu vita. Fundi najua kuchagua, bisheni.

Nikapiga randa. Rangi ikatoka, maandishi yakajitokeza:

SABUNI. DUKA LA KIJIJI CHA UJAMAA.

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Shikamoo Babu. Kumbe ulipigana na mapovu?"

"Marahaba. Funga mlango kwanza."

Nikafunga. Sauti ikashuka.

"Mjukuu wangu, hayo maandishi yaelekee ndani. Halafu vile vijiti vya kuimarisha mbao vigundishe juu yake, yasionekane hata kupitia tundu la gitaa."

"Sawa. Ila mgongo na mbavu za gitaa vinataka mbao ngumu, Babu."

Kanitazama weee! Kisha akaenda kuvuta ule ubao wa mninga aliouweka kwa ajili ya mlango wake.

Semeni, nimemwonea?

Nimeapa mdomo wangu hautasema kitu. La kuandika hatukuligusia.