Njia Nne za Kona

Ofisini tulimwita Kona kwa sababu hakuweza kukuelekeza mahali bila kutaja kona. Ukimuuliza choo kiko wapi, utapewa kona tatu. Alikuwa mpokea simu kwenye bohari ya dawa, na meza zetu zilipakana, kwa hiyo haya sikuhadithiwa, niliyaona.

Alichokitaka ni kiti cha mpanga njia, yule anayeamua gari lipi lipite wapi kupeleka dawa. Kiti kilikuwa wazi. Meneja wetu, mtu wa mbwembwe, akatangaza kwamba siku ya michezo ya wafanyakazi tutacheza mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa mitaani, timu nne, na Kona ndiye atakayezipangia njia. Zisipogongana, kiti ni chake. Zikivurugana, kinakwenda kwa mwombaji wa pili. Na mwombaji wa pili alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, karani wa stoo.

Basi Kona akazama kwenye ramani ya mtandaoni. Akaweka alama kwa fundi viatu, kituo cha zimamoto, maktaba, duka la miwani na kwingineko. Kila timu akaipa pa kuanzia pake, zote zizunguke upande mmoja, na isiwepo ya kuvuka barabara kuu mara mbili. Kompyuta ilimpa njia fupi, ila kompyuta haijui geti lililofungwa, kwa hiyo jioni alizipitia kwa miguu, akarudi na vumbi hadi magotini, anacheka peke yake.

Wifi akamjia kwa sauti laini. "Wifi yangu, niingize na mimi humo kwenye ramani, nijifunze."

Kona akamwingiza, tena kwa ruhusa ya kuhariri, si ya kutazama tu. Nilipomuuliza kwa nini amempa ya kuhariri, akanijia juu. "Huyu ni ndugu. Nimfiche nini?" Akaniona nina roho mbaya.

Siku ikafika, timu zikatoka na simu mikononi, zikiifuata ramani ile. Haukupita muda meneja akapiga, anafoka: timu zote zimekutana kwa fundi viatu, watu wanasukumana, fundi wa watu kakumbatia viatu vya wateja. Kona akatazama skrini. Kwake mistari ilikuwa imetulia vilevile, maana ukurasa aliufungua asubuhi na hakuwa ameupakia upya. Akagonga meza.

"Wifi tena!" akasema, akimaanisha mtandao wa ofisi, maana yeye huutamka kama unavyoandikwa. "Tangu asubuhi kunichezea tu!"

Pale mlangoni wifi wa kweli akamwaga chai. "Mimi sijakuchezea! Nimesogeza alama mbili tatu tu!"

Tuliobaki ofisini tulicheka, kisha kicheko kikatufia mdomoni. Kona akaupakia ukurasa upya. Alama zilikuwa zimehamishwa, na njia zote nne zimekazwa pale kwa fundi viatu kama fundo la uzi. Wifi akaanza kupangusa chai sakafuni, hamtazami mtu.

Mdogo wake Kona, dereva wetu, akaingia kuchukua maji ya timu.

"Umesikia alichonifanyia mkeo?"

Akawa anazungusha funguo za gari kidoleni. "Dada, mimi nilimwambia asogeze moja tu."

Ya wifi yalimkasirisha. Haya yalimkata maini.

"Kwa hiyo ulijua."

"Tungekuja kukuambia. Kwani kiti si kinabaki humuhumu nyumbani? Mwambie meneja ni mtandao, yaishe."

Meneja akaingia, shati limemganda mgongoni, nyuma yake timu nzima inahema. "Nani kaniharibia?"

Mdogo mtu akamkazia dada yake macho ya kuomba. Kona akaigeuza skrini imwelekee meneja.

"Hawa," alisema. "Mtu na mkewe. Na hapa kazini wote wawili niliwaleta mimi."