Mikono ya Mama Kwenye Kichanja

Mwanangu, kama siku zingerudishwa, ningeomba moja tu ya msimu wa kahawa kwetu Mbozi. Nakumbuka mama na dada yangu Sekela walikuwa wamesimama kando ya kichanja, wakichambua kahawa iliyoanikwa juu yake na kutoa punje mbovu. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka tu kuandika kitabu changu cha kwanza, maisha ya marehemu baba. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimsomee huku wakifanya kazi.

Nilisoma kama ninavyosoma peke yangu, macho yametangulia, mdomo unayafukuza. Mikono yao haikupumzika. Nilipofika pale baba anapomkimbiza mbuzi aliyekula kofia yake ya kanisani, mikono ya mama ikasimama.

"Rudia hapo," akasema.

"Mama, nikirudia tutamaliza lini?"

"Kwani baba yako anakimbilia wapi? Mpe Sekela asome."

Sekela alisoma kwa kukokota. Kila alipokwama kwenye sentensi zangu ndefu nilimkatiza, tena kwa kiburi. Mama akanitazama.

"Mwache. Anapojikwaa yeye ndipo penye kisiki chako. Na mimi humo mume wangu simsikii, isipokuwa pale penye mbuzi."

Nilinuna. Ujana ni moshi, na wangu ulinijaa machoni. Nikachukua karatasi zangu, nikashuka Tunduma, nikakichapisha kitabu kama kilivyo. Watu wakakisifia Kiswahili chake kigumu, kisha wakakiweka kabatini.

Mama alituma salamu kwa kila aliyekuja mjini, kwamba niende nimsomee, safari hii polepole. Nikajibu nitakuja mavuno yakiisha, mara nitakuja Krismasi. Nilisema nina shughuli, kumbe nilikuwa naona haya.

Lakini maneno yake hayakuniacha. Nikakisoma kitabu kwa sauti chumbani, nikampa jirani anisomee nami nikanyamaza, na kila alipojikwaa nikaandika upya. Sehemu ya mbuzi nikairefusha kwa ajili ya mama. Ndipo nikapanda kwenda nyumbani.

Nilimkuta kwenye kichanja kilekile, ameinama. Bila hata kumsalimia vizuri nikafungua kitabu, nikasoma taratibu. Mikono yake haikusimama. Nikapaza sauti. Sekela akanishika bega.

"Kaka, mama hasikii tena. Masikio yameziba tangu masika."

Mama akainua uso, akaniona, akakiona na kitabu. Akatabasamu.

"Umefika kwenye mbuzi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka peke yake, akarudi kwenye kahawa yake. Mimi nililia, wala sikujificha.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea hadi nimezeeka. Basi wewe unayeandika kwenye simu yako hapo Mpemba, jirani na Tunduma, ukimaliza soma kwa macho, uone makosa. Soma tena kwa mdomo, usikie pumzi inapokata. Kisha mpe mtu mwingine asome, nawe ufunge mdomo, utazame mikono yake inasimama wapi. Msomaji hasomi kama wewe, na usipomsoma yeye kwanza hamtakutana. Na yule uliyemwandikia hasa, usimweke wa mwisho.

Mungu akupe maneno yenye pumzi. Na wale wanaokungoja, awatunzie masikio yao mpaka ufike.