Barua Aliyoiruka Felista

Mashine ya kukamua alizeti inanguruma, na Felista Ntandu anamimina gunia la kumi na tisa tangu asubuhi. Mafuta yanachuruzika kwenye ndoo, mashudu yanatokea upande wa pili, na vumbi la maganda limempaka mpaka kwenye nyusi.

"Hapa Mandewa wananiita Mama Alizeti," anasema huku akicheka. "Lakini kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusoma barua!"

Hatanii. Baba yake, marehemu Hezekia, alifanya kazi kwenye genge la reli kule Manyoni, wale wa kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Kila mwezi alimkabidhi dereva wa basi barua ya kupeleka kwa mkewe, kijijini Issuna. Aliandika kwa Kiswahili, ndivyo alivyofundishwa shuleni. Yustina, mkewe huyo, hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Basi Felista, wa miaka kumi, alisoma kimoyomoyo, kisha akamsimulia mama kwa Kinyaturu.

"Nilijiona mkubwa, weee! Watu wazima wananyamaza wanisikilize mimi."

Barua thelathini na moja zimo mpaka leo kwenye kopo la biskuti, pamoja na filimbi ya kazi ya mzee. Mwaka huu mdogo wake Elisha, fundi seremala, alianza kuzipiga picha na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, moja kila Jumapili. Ndugu wakafurahi kweli. Felista peke yake alikosa usingizi, maana alijua barua ya Agosti 1977 iko njiani.

Hiyo hakuisoma yote. Baba aliandika kwamba taruma limemwangukia mguu, amelazwa, na anaomba mkewe aende. Mama alikuwa na mimba kubwa, ya huyuhuyu Elisha. Felista akaingiwa na hofu, akairuka habari hiyo.

"Nikamwambia baba anakusalimu, anauliza kama mtama umeshapurwa. Baba akarudi anachechemea. Miaka yote hii naumia kwamba alilala kule peke yake kwa ajili yangu."

Jumapili iliyopita, kabla Elisha hajaituma, Felista alipiga magoti mbele ya mama yake, ambaye sasa ana miaka themanini na tatu.

"Shikamoo, mama. Kuna barua niliiruka."

"Marahaba. Ya mguu?"

Felista akauliza amejuaje.

"Karatasi imejaa pande mbili, wewe umemaliza hata sijakaa vizuri," mama yake akamwambia. "Kesho yake nilimpelekea katekista Bonifasi, akanisomea yote. Mimi kupanda basi nisingeweza na tumbo lile. Nikamtuma mjomba wako Antipasi na kuku na asali, akakaa na baba yako wiki tatu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tukunyang'anye kazi? Baba yako alicheka mpaka akashika mguu. Akasema, huyo mtoto ana huruma, mwacheni asome."

Bibi Yustina akafungua sanduku lake la nguo, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kanga. Ndani mlikuwa na karatasi tisa. Tangu siku ile, Hezekia alikuwa akiandika habari nzito kwenye karatasi ya pembeni ya kusomewa na katekista, na barua za kusomwa na Felista akazijaza heri tupu.

Felista anasimulia hayo huku akijifuta macho kwa mkono wenye mafuta, na haoni aibu hata kidogo. "Mimi ni binti wa watu wale," anasema, na kidevu kimeinuka.

Krismasi ukoo wote unakutana Issuna. Elisha ameshatengeneza kabati la kioo la kuwekea kopo, filimbi na kile kifurushi. Felista amepanga kusimama asome zile tisa kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, wajukuu wasikie. Mama yake amekubali, kwa sharti moja.

"Safari hii asiruke."