Nyuzi Kumi na Mbili za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hana tepu. Anapima kwa uzi: fundo begani, fundo kifuani, fundo kiunoni, kisha anautundika kwenye msumari ukutani. Ukimuuliza huu wa nani, anakujibu bila hata kugeuka.

Mwaka huu maji yalimfika shingoni. Wateja walikimbilia nguo za dukani, naye akawa anasema mwezi ukiisha bila kazi, atauza cherehani akaoshe vyombo vya watu. Ndipo jiji likaamua sare za wafagia barabara zisishonwe tena kiwandani, wapewe mafundi wadogo wa mitaani. Shangazi alipata watu kumi na wawili. Aliwapima siku moja, huku akicheka peke yake.

Kumbe jiji lilitaka fomu yenye namba. Shangazi hajui kuandika, na mimi shule niliionja tu. Fomu ikakaa mezani tupu mpaka siku ya mwisho, akaja karani wa jiji, binti mwembamba mwenye faili kwapani.

"Vipimo viko wapi, mama?"

"Si hivyo vinaning'inia."

Karani akatazama ukutani. "Hizo si kamba za kufungia kuku?"

"Kuku gani ana kifua hicho, mwanangu?"

Akacheka, halafu akaitazama fomu tupu pale mezani. Nikasema moyoni basi, kazi imekwenda. Shangazi naye aliliona hilo. Mkono wake ulishika gurudumu la cherehani ukatulia pale pale.

Karani akavua viatu, akaketi mkekani, akatoa tepu mkobani.

"Haya mama, tuanze na uzi upi?"

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Shangazi anataja mtu, karani ananyoosha uzi juu ya tepu, anaandika.

"Mama, huyu kiuno kimezidi kifua. Hujakosea?"

"Ndivyo alivyo. Ukimpunguza, atatupasukia barabarani!"

Fomu ikapita, kitambaa kikaja. Sare zilipotoka, yule mama wa kiuno alisimama mbele ya mlango wetu, akainama na ufagio wake makusudi, akainuka.

"Fundi, haujakatika hata uzi mmoja!"

Shangazi aliingia ndani akafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Cherehani hajaiuza. Jana wameleta kazi ya sare za walinzi wa soko, na karani ametuma salamu: shangazi apime kwa uzi wake kama kawaida, yeye atakuja na tepu.