Habari za Bombani

Leo dukani nimenusa kitambaa cheusi kipya, nikamkumbuka dada. Alipovunja ungo, baba alileta buibui lenye harufu hiyohiyo, akafunga mlango wa mbele.

"Dini haitaki mwari aonekane njiani. Utatoka ukiolewa."

"Na maji, baba?"

"Mdogo wako ana miguu."

Basi nikawa nachota mimi, bombani Msimbazi. Nikirudi, dada ananisubiri nyuma ya mlango. "Haya bwana mkubwa, nani kagombana leo?" Namsimulia yote, anacheka huku kajiziba mdomo kwa kanga.

Miezi ikapita. Jioni moja nilirudi na habari tamu kweli, wanawake wamevunjiana mitungi. Dada akapokea debe la maji.

"Siwajui tena hao," akasema, akaenda kupika.