Shampeni Niliyompelekea Baba Bila Kukusudia

Nitasema ukweli: chupa ile niliipenda kwa ajili ya sifa. Mgeni mmoja wa hoteli ninakofanya kazi, kando ya ziwa, aliniachia kama shukrani. Shampeni ya Ufaransa, mwaka wa mavuno umeandikwa kwenye lebo. Mpishi wetu mkuu aliniambia haitengenezwi kila mwaka, mpaka zabibu zikubali hasa. Nikaifunga kwenye kanga, nikaificha kabatini kwangu Mkolani, na kila shoga aliyenitembelea ilibidi aione, atake asitake.

Mdogo wangu alipoolewa nikaona siku ya chupa ile imefika. Kwenye harusi za familia yetu shampeni hufunguliwa, lakini ni ile isiyo na kilevi, kwa sababu baba alikuwa na miaka tisa hajagusa pombe. Kabla ya hapo pombe ilimaliza ng'ombe wetu, na mara mbili mama alifungasha kurudi kwao. Nikapanga hivi: yangu wanywe maharusi tu, wakwe waone kwamba na sisi tumo. Wazazi wapewe ile ya kawaida. Sikumwambia mtu, maana nilijua wangenikataza.

Ukumbini Igoma kizibo kikaruka, vigelegele vikapaa. Kumbe mama wa bwana harusi, kwa furaha yake tu, akaichukua chupa yangu ileile, akajaza glasi, akaenda moja kwa moja kwa baba. Akapiga magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Pokea, mzazi mwenzangu. Leo tumekuwa kitu kimoja."

Kwetu Usukumani, glasi ya mkwe aliyepiga magoti hairudishwi. Ukiirudisha umemkataa yeye na mwanawe. Baba akaipokea, akaisogeza mdomoni, akasita. Harufu ilikuwa imemfikia. Mama yangu akaacha kupiga makofi.

"Baba, tunakusubiri wewe tu," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nilijikuta nimepiga magoti kando ya mkwe, gauni la sare limekanyagwa.

"Baba, mimi ndiye kifungua mimba wako. Naomba niinywe kwa niaba yako."

Watu wakacheka. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyu dada naye kwa vya bure." Nikaishika glasi, baba hakuiachia. Nikavuta kidogo. Vidole vyake vilikaza, nikamsikia akimeza mate, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikamwogopa. Kisha akaachia.

Nikainywa yote. Ilikuwa na harufu ya mkate uliotoka kuokwa, na ilishuka kooni taratibu, tamu bila sukari. Niliichukia kwa uzuri wake. Mkwe akanikumbatia, ameridhika, muziki ukarudi.

Baba akainama sikioni mwangu.

"Ni nzuri?"

"Chungu, baba."

Hakuniamini. Macho yake yalibaki kwenye chupa mpaka tulipoitwa kula.